Mlango Wenye Ziada Tatu

12 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko isiwe imekukausha zaidi ya ulivyoumbwa. Maneno hayo ni ya Baba, ameniambia niyaandike kama yalivyo. Yeye hajambo. Anakula vizuri, anabishana na mtangazaji wa redio, na kila mgeni lazima asikie habari ya koti alilomshonea hakimu. Mimi niko palepale kwenye duka la dawa. Bega langu la kulia bado linagoma nikiinua maboksi. Jirani yetu Mama Kuku amewauza kuku wote. Jina limebaki naye.

Sasa jambo lenyewe. Unajua dhoruba ya mwaka jana ilivyotufanya. Mlango wa mbao wa gereji unaelekea uwanja mtupu, upepo haukutani na kitu njiani mpaka uufikie. Komeo lilivunjika, upepo ukaingia, na ulipokosa pa kutokea ukainua paa kutoka ndani. Bati la jikoni tulilikuta kwa Mama Kuku. Seremala aliyekuja kukagua alisema paa halikuwa na kosa, mlango ndio ulioliponza. Tangu hapo tunauegemeza magogo kwa ndani na kumwachia Mungu. Dhoruba hurudi mwishoni mwa Oktoba. Wewe unatengeneza lifti, unavijua vitu vinavyopanda na kushuka. Tupe shauri. Na usisahau joto: chumba cha Baba kimepakana ukuta na gereji, na mchana ukuta ule huwezi kuuwekea kiganja.

Baba anakusalimu sana.

*

Upande huu wa pili wa karatasi simsomei Baba. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu anataka iwekwe spika, na anajibu kabla yangu.

Nataka mlango mzito. Mota sitaki. Komeo liwe chini kabisa, la kuinamia. Gari bado analiendesha mwenyewe. Taa ya mbele ya kushoto imepasuka na nguzo ya geti imechubuka. Nilipomuuliza alisema nguzo imesogea.

Dada yako


6 Juni

Dada, shikamoo. Na Baba shikamoo, najua unasikiliza.

Huku tu wazima. Wifi yako amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana mlangoni kama walinzi. Mjukuu wako, Baba, ameng'oka jino la mbele na anataka kujua kama babu naye hulipwa aking'oka. Nimemwambia babu angekuwa tajiri.

Kuhusu mlango. Acheni mbao, jua linazipindua na mvua inazivimbisha, na mlango wa mbawa mbili upepo unaushika kama tanga. Tafuteni mlango wa chuma wa kujiviringisha, unaopanda na kujizungusha kwenye mhimili juu ya uwazi. Lakini si ule mwembamba wa maduka ya sokoni, ule ni bati tu. Ulizeni wenye mabapa ya tabaka mbili na sponji ngumu katikati: joto linapungua, na bapa halipindi kirahisi. Kila mwisho wa bapa uwe na ndoano ya chuma inayoshika ndani ya reli, ili upepo ukisukuma, pazia zima la mabapa lisichomoke. Reli ziwe za kina, zifungwe kwa bolti zinazoingia kwenye zege, si kwenye lipu. Rangi nyeupe. Nyeusi inapendeza kwenye picha, lakini Baba atalala ndani ya oveni.

Na wekeni mota. Baba ana mikono ya sindano, si ya kuinua vyuma. Abonyeze rimoti akiwa garini, mlango upande, aingie. Nimekwishanunua moja na kuipakia melini.

*

Upande wa pili. Dada, nguzo ya geti tuliimwagia zege mimi na Baba. Haisogei. Kumetokea nini?

Sindano


2 Julai

Mdogo wangu,

Tumepata barua yako na kicheko cha jino kilidumu mpaka chakula cha jioni. Baba anasema mwambie huyo mtoto babu halipwi kwa jino, hulipwa kwa suruali.

Tumekubali mashauri yako yote isipokuwa moja. Tumepata karakana yenye mabapa ya tabaka mbili na ndoano, na fundi wake ni mtu wa maneno machache, tunamwita Taratibu. Alikuja, akatazama uwazi, akatazama uwanja, akasema, "Upepo unatokea kule?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Eheee," akaanza kugonga ukuta kusikiliza kama zege lipo. Lipo. Alitaka kupima, Baba akamzuia.

"Nyumba yangu naipima mwenyewe."

"Sawa, Mzee. Mimi nipe upana wa uwazi mtupu. Ya reli nitaongeza mwenyewe."

Basi Baba amepima kwa futi yake ya shingoni, akanitajia namba nami nikaandika, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye duka lake la cherehani. Nyeupe, kama ulivyosema. Mota haijafika, na ikifika itakaa kwenye boksi. Umeme huku unakatika kila wingu likipita. Mtu afungiwe ndani ya gereji kwa sababu ya wingu?

*

Hakuna kilichotokea. Nguzo ni nguzo.

Dada yako


25 Julai

Dada, shikamoo. Shikamoo Baba. Sisi wazima, jino jipya limechungulia.

Mota ile ina mnyororo pembeni. Umeme ukikatika unavuta kwa mkono, mlango unapanda. Hata mtoto anaweza. Waya zipitishwe ndani ya bomba la plastiki na swichi iwekwe juu ya usawa wa maji ya mvua. Hapo kuna tatizo gani jingine?

*

Nilisoma barua zako mbili kwa pamoja, moja baada ya nyingine. Mlango mzito. Komeo la kuinamia. Mota hapana, na mlango mzito utauinua kwa bega la nani? Wewe ndiye mwenye bega. Unatafuta mlango ambao Baba hawezi kuufungua. Sema, Dada.

Sindano


20 Agosti

Mdogo wangu Sindano,

Leo barua yote ni ya upande wa kwanza, na Baba yuko hapa ananisahihisha. Tumefanya kituko ambacho watoto wa fundi cherehani peke yao wanaweza kukifanya.

Mlango umekuja. Mweupe, mzuri, umefungwa kwenye nailoni kama bibi harusi. Taratibu na wenzake wakausimamisha kwenye uwazi, na Taratibu akatoa futi yake, akapima mara mbili. Umezidi upana. Si kidogo. Upande wa kulia hauna neno, lakini kushoto ukuta wa chumba cha Baba uko karibu, na reli haina pa kukaa.

"Nani alipima?" Taratibu akauliza.

"Mimi," Baba akasema. "Na mimi sijawahi kukosea kipimo tangu nianze kunyoa ndevu."

"Uwazi ni huu, Mzee. Namba ni hii. Hazifanani."

Unaikumbuka desturi ya dukani. Baba akitaja namba, ziada ya mshono imo ndani tayari. Anayeandika haongezi wala haulizi. Lakini chuma si kitambaa, nami safari hii niliuliza. Nilimwambia, "Baba, umeshaongeza?" Akasema, "Bado, ongeza wewe." Nikaongeza shubiri moja, nusu kila upande, nikidhani ndiyo kinga ya upepo. Kumbe yeye alikuwa ameongeza. Na karakana nayo ikaongeza ya reli. Mlango una ziada tatu. Mama Kuku amesema tungeweza kuuvalia harusi.

Baba hakuona haya hata kidogo. Alisema, "Heri nguo iliyozidi, mkasi upo. Iliyopelea utaifanya nini?" Taratibu akacheka, nami sikujua kama anajua kucheka. Ameurudisha karakana. Kila bapa litakatwa kwa grenda na ndoano zifungwe upya. Anasema utarudi kabla ya dhoruba, akipata chuma cha mhimili. Asipopata, magogo yetu yapo.

Baba anasema usicheke sana, utakatika katikati.

Dada yako


11 Septemba

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo. Nilicheka kwenye lifti nikiwa kazini, abiria wakadhani nimekwama nao.

*

Kisha niliacha kucheka.

Baba hajawahi kusahau ziada. Nilikaa miguuni pake pale dukani nikiokota pini, nakumbuka. Alikuwa anaweza kuacha nguo nusu, akaenda kuzika mtu, akarudi baada ya wiki na kuendelea pale mkasi ulipoachia. Ulipomuuliza kama ameongeza, uliuliza kwa sababu ya chuma, au kwa sababu ulikuwa na shaka naye?

Usinijibu kuhusu umeme. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kupigiwa simu na polisi wa barabarani.

Kama ndivyo ninavyodhani, mwambie asiendeshe tena. Wewe ndiye uliye naye. Mlango hauwezi kumwambia kwa niaba yako.

Sindano


30 Septemba

Sindano,

Leo sina upande wa kwanza. Baba amelala mchana, feni inazunguka, ni mzima wa mwili.

Wahenga hao waliosema, walikuwa wanaishi na mgonjwa au walikuwa ng'ambo wanatengeneza lifti?

Haya, nakuambia. Mwezi wa Aprili alikwenda kununua uzi. Duka la uzi unalijua, ni kona mbili kutoka hapa. Mume wa Mama Kuku alimkuta barabara ya uwanja wa ndege, gari limeegeshwa vizuri, taa zote zimewashwa adhuhuri, yeye ameketi ameshika usukani. Alisema anasubiri duka lifunguliwe. Walirudi pamoja, jirani akiendesha, na Baba akamweleza habari ya koti la hakimu njia nzima. Kesho yake hakuikumbuka safari hiyo, au alifanya kama haikumbuki. Sijui, na sikuuliza. Nguzo ilikuwa baadaye.

Nimejaribu kumwambia. Nilianza na taa iliyovunjika. Alinitazama kama ulivyokuwa unatazamwa ukikata kitambaa kinyume cha nyuzi zake. Gari lile alilinunua kwa nguo za watu, Sindano. Ndilo lililompeleka Mama hospitali na ndilo lililomrudisha. Nikamwambie nini? Kwa hiyo ndiyo, nilitaka mlango utakaomshinda, aseme mwenyewe, "Ah, umenishinda huu," yaishe bila mtu kumwambia neno. Unaona ubaya gani?

Wewe ndiye mwanawe wa kiume. Yeye ndiye aliyekufundisha kuendesha kwenye gari hilohilo. Mwambie wewe.

Mlango haujarudi. Wiki hii upepo umeanza kugeuka.

Dada


19 Oktoba

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa wale wahenga. Nimewarudisha kwao.

Nilichukua simu nimpigie. Akapokea yeye, akasema, "Sindano! Umekula?" Nikasema nimekula. Akaniuliza kama huku nyumba zina gereji. Nikasema zina. Tukazungumza habari za gereji mpaka salio likaisha. Naona wewe unajificha nyuma ya mlango mzito na mimi nilijificha nyuma ya mota. Nilitaka abonyeze kitufe aingie, kama zamani, nami huku nisihitaji kujua zaidi.

Nimeandika ukurasa mmoja kwa ajili yake, umo humu ndani. Nimeuandika mara nyingi, huu ndio uliobaki. Msomee ukiona inafaa. Kama haifai, usimsomee, na nitakuja mwenyewe likizo nimwambie ana kwa ana. Likizo nimeiomba, bado hawajanijibu. Sikuandikii hivyo ili nikupe moyo, hawajanijibu kweli.

Bolti za reli, mkumbushe Taratibu azikaze tena baada ya siku chache. Zege likipata joto na kupoa, huachia kidogo.

Sindano


16 Novemba

Mdogo wangu Sindano,

Barua hii haina upande wa pili. Baba yuko barazani, anajua ninaandika nini.

Ukurasa wako ulifika juzi, dhoruba ikiwa imekwisha pita. Nitakueleza kwa mpango.

Taratibu aliurudisha mlango ukiwa umepunguzwa, akaufunga kwa siku mbili. Reli zimezama kwenye zege kama ulivyotaka, ndoano zimeshika. Mota niliiacha kwenye boksi. Tuliinua mlango kwa mnyororo wa mkono aliouweka Taratibu na ulikuwa mzito kama nilivyouomba, na bega langu lilinieleza hivyo kila asubuhi. Baba alijaribu mara moja, akafika nusu, akauachia ushuke, akasema hana haraka ya kwenda popote.

Dhoruba ilikuja saa tisa alasiri. Kwanza joto, ndege wakanyamaza, kisha uwanja wote ukainuka kuwa vumbi na kutujia. Nilikwenda gereji kuutazama mlango, nikamkuta Baba huko. Alikuwa ameketi garini, upande wa dereva, mlango wa gari wazi, kama mtu aliyekaa sebuleni. Nikaketi kando yake. Pazia la chuma lilikuwa linaingia ndani na kutoka kama kifua cha mtu anayelala, na kila lilipoingia ndoano zililia kwenye reli. Mvua ilikuwa ya kulazwa na upepo, si ya kudondoka. Hatukusikizana mpaka upepo ulipopumua kidogo.

Baba akasema, "Barua za Sindano zina upande wa pili. Unasemaje?"

Nikasema, "Upande gani, Baba?"

"Nimekunja vitambaa maisha yangu yote, mwanangu. Karatasi ikigeuzwa mbele yangu sitaiona?"

Upepo ulirudi, mlango ukaingia ndani, ukatoka. Haukuachia.

Akasema, "Nilikuwa nakwenda wapi siku ile? Nilikuta risiti ya maegesho mfukoni, ya barabara ya uwanja wa ndege. Mimi sina safari."

"Ulikwenda kununua uzi."

"Wa rangi gani?"

"Hukuniambia, Baba."

Alifikiri kweli, nilimwona anatafuta. Kisha akasema, "Basi hakuna anayejua."

Nilitaka kumwambia kwamba kila mtu husahau, kwamba mimi mwenyewe juzi nilimpa mteja dawa ya kikohozi badala ya ya macho na tukacheka. Nilifungua mdomo. Akaniwekea mkono kwenye goti, kama anavyomzuia mteja anayetaka kumfundisha kukata.

Akachomoa ufunguo kwenye usukani, akanipa.

"Shika. Sasa nisikilize, maana sasa hivi niko sawa. Kesho nitauuliza. Sitakumbuka kwamba nimeutoa mwenyewe, au nitakumbuka na nitakataa. Nitakuwa mkali. Nitasema nyumba ni yangu na gari ni langu, nitasema maneno ambayo sijawahi kukwambia. Usinipe."

Nikasema, "Sawa, Baba."

"Usiseme sawa upesi hivyo. Wewe una huruma, utanipa."

"Sitakupa."

"Na hiyo mota iliyo kwenye boksi itolewe, ifungwe. Unadhani sioni unavyoshika bega? Nani atauinua mlango huu kila siku ukinipeleka kutembea?"

Tulikaa humo mpaka mvua ikawa mvua ya kawaida. Paa liko mahali pake. Maji yaliingia kidogo tu chini ya bapa la mwisho, Taratibu ameahidi kuweka mpira. Mama Kuku amepoteza banda tupu la kuku. Tulilikuta kwetu, nimemwambia sasa tumelipana.

Ukurasa wako nimemsomea wote jana, mpaka pale ulipoandika kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kusimamisha gari kabla ya kukufundisha kuliondoa. Alisema mwandiko wako umeharibika. Akaomba nisome tena. Likizo wakikupa njoo, wasipokupa utaniandikia.

Mota imefungwa na inafanya kazi. Ninaendesha mimi, yeye ananikosoa njia nzima.

Lakini najua utauliza habari za ile asubuhi baada ya dhoruba, kwa hiyo nakujibu kabla. Aliamka, akaoga, akavaa koti, akauliza ufunguo. Nikamwambia ninao mimi. Akaniuliza kwa idhini ya nani. Nikamwambia kwa idhini yako, Baba. Alikuwa mkali, Sindano. Alikuwa mkali kama alivyoahidi, na yale maneno aliyasema yote.

Sikumpa.

Dada yako